Hesabu ya Farao na Mgongo wa Dereva



Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 5, imo habari ambayo tumezoea kuisoma kana kwamba ilikwisha huko huko Misri. Musa na Haruni wanamwendea Farao kuwaombea watu ruhusa ya siku chache, wakamtolee Mungu sadaka jangwani. Farao hatosheki na kukataa. Anaamuru watu wasipewe tena majani makavu ya kuchanganya na udongo, wakajitafutie wenyewe mashambani, lakini idadi ya matofali isipungue hata moja. Jioni matofali hayatimii, na wasimamizi wa Kiisraeli wanapigwa. Wanapokwenda kulalamika, mfalme anawajibu kwa ufupi kwamba wao ni wavivu.

Nimeihubiri sura hiyo mara nyingi, na kwa miaka mingi sikuona kwamba nilikuwa nikisafiri ndani yake kila nilipopanda daladala. Katika jiji la Dar es Salaam, na katika miji yetu mingine, hesabu ni neno la kila siku. Ni ile fedha ambayo dereva na kondakta wake wanapaswa kumpelekea tajiri mwenye gari kila jioni. Mvua ikinyesha na barabara ikafurika, hesabu ni ile ile. Foleni ikiwashika saa mbili pale pale, hesabu ni ile ile. Mafuta yakipanda bei, faini ya trafiki ikilipwa, tairi likipasuka, hesabu ni ile ile. Baada ya hesabu na mafuta, kinachobaki ndicho mshahara wa watu wawili, na mara nyingine wa watatu, kwa maana yupo pia deiwaka anayeshika usukani mwenye gari lake akiwa hoi. Siku nyingine hakibaki kitu, na wapo wanaorudi nyumbani wakiwa na deni.

Tume yetu imeombwa mara kadhaa kuandika juu ya ajali za barabarani, na tutaandika. Leo nataka kusema juu ya mwili na roho ya mtu anayeshika usukani, na ya yule anayening'inia mlangoni, kabla ajali haijatokea, na hata kama haitatokea kamwe. Sisi huwakumbuka watu hawa wanapoua. Siku nyingine zote tunawaita wahuni.

Tuanze na mwili, kwa kuwa Bwana wetu aliutwaa mwili. Dereva anayeondoa gari saa kumi na moja alfajiri na kulilaza saa nne usiku amekaa kazini saa kumi na saba. Tumpunguzie saa mbili za kula na za kungoja zamu kituoni. Zinabaki kumi na tano. Kwa siku sita ni saa tisini, na wengi hawana hata hiyo siku ya saba. Muda huo wote ameketi juu ya kiti ambacho sponji yake imekwisha zamani na kimefungwa kwa vipande vya mpira, karibu na injini inayomtikisa na kumchoma, katika gari kuukuu ambalo springi zake zimechoka kuliko yeye. Kila shimo la barabara linapita katika uti wa mgongo wake. Zile gegedu laini zilizoko kati ya pingili za mgongo hazikuumbwa zigongwe hivyo mwaka baada ya mwaka. Huchakaa, huvimba, hubana mishipa ya fahamu, na maumivu hushuka toka kiunoni hadi wayo. Mguu wa kushoto umekanyaga klachi mara mamia katika foleni, na goti linamwambia hivyo usiku. Mkono wa kulia, ulio upande wa dirisha, umeungua kwa jua. Na kwa kuwa hakuna choo anachoweza kukifikia bila kupoteza abiria, amejifunza kutokunywa maji.

Hapo pana jambo ambalo waganga wa zahanati zetu wanalijua vyema, nami naomba kila familia yenye dereva ilisikie. Mtu huyu, akiwa amekauka maji mwilini, huingia duka la dawa na kununua vidonge vya diklofenaki ili aweze kuketi tena kesho. Kesho ananunua tena, na mwezi ujao tena. Dawa hizo zikitumiwa kwa muda mrefu huchubua tumbo, na kwa mtu asiyekunywa maji ya kutosha huumiza figo. Kwa namna hiyo anazilipa figo zake kwa mgongo, na mgongo kwa hesabu.

Kondakta naye? Katika vile vigari vidogo tulivyovipa jina la vipanya, kondakta mrefu hasimami wala haketi. Amejikunja, shingo imelala chini ya paa, mkono mmoja umeshika chuma na mwingine unahesabu chenji, huku akiita majina ya vituo hadi sauti inakauka. Mwaka 1953 daktari Mwingereza, Jeremy Morris, na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Waliona kwamba madereva, walioketi kutwa, walipatwa na ugonjwa wa moyo zaidi kuliko makondakta, waliopanda na kushuka ngazi kutwa. Uchunguzi ule ukawa maarufu duniani. Lakini kondakta wa London alikuwa na ngazi ya kupanda, zamu yenye mwisho na mshahara uliojulikana. Wetu ana mlango, na mlango wenyewe pengine haufungi.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani, pamoja na Shirika la Kazi Duniani, lilitangaza kwamba mtu afanyaye kazi saa 55 au zaidi kwa juma yumo katika hatari ya kupatwa na kiharusi iliyo kubwa kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo iliyo kubwa kwa asilimia 17, akilinganishwa na mtu wa saa 35 hadi 40. Waliwahesabu waliokufa duniani kwa sababu hiyo katika mwaka 2016 wakafika 745,000. Hizo ni saa 55. Sisi tulikuwa tukizungumza juu ya tisini.

Sasa roho. Hapa naomba mnivumilie, maana tunaposikia habari za afya ya akili wengi wetu tunafikiri juu ya mtu aliyevua nguo barabarani. Sivyo. Ni mtu anayelala saa nne au tano na kuamka kabla ya jogoo, ambaye watoto wake wanamjua kwa viatu vilivyoko mlangoni. Kutwa anatukanwa: na abiria kwa sababu amesimama mno kituoni, na tajiri kwa sababu hakusimama vya kutosha, na askari kwa sababu amesimama mahali pasipo kituo. Akifika nyumbani maneno yamemwishia, yamebaki makofi. Mkewe anakuja parokiani kulia. Tunamwambia avumilie, nasi tunaandika katika daftari letu kwamba ni tatizo la ndoa.

Wengine hutafuta kitu cha kuwashikilia. Mirungi ili wasisinzie, bangi ili wasiogope, pombe ili walale. Serikali ilipopiga marufuku viroba mwaka 2017 sote tulishangilia, na ilistahili. Lakini hatukuuliza kiu ile ilitoka wapi. Nimeshuhudia pia, si mbali na hapa, kijana kondakta akiwekewa mikono na kukemewa pepo la hasira mbele ya watu. Sibezi sala, mimi ni padre. Lakini kijana yule hakuwa amelala usiku mzima kwa siku nne. Someni Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19: Eliya amechoka, amekaa chini ya mti, anaomba afe. Mungu hamkemei pepo, wala hamhubirii. Anamwacha alale, anamletea mkate na maji, anamwacha alale tena. Mazungumzo yanakuja baadaye, mlimani. Ningependa kuona karismatiki zetu zikifuata utaratibu huo.

Tena wako waliokwisha kuua. Nawataja kwa hofu, kwa kuwa wafiwa nao ni waumini wetu. Dereva aliyegonga mtoto hukimbia, maana akibaki atapigwa hadi kufa. Kisha hujisalimisha, hupelekwa mahakamani, pengine hufungwa, pengine huachiwa. Baada ya miezi yuko tena barabarani, anapita pale pale. Nani amemwuliza anaota nini? Kiwewe cha namna hiyo kina matibabu, na katika hospitali zetu za mikoa wapo wahudumu wa afya ya akili. Dereva hawafikii kwa sababu siku ya kwenda hospitali ni siku isiyo na hesabu, na gari hupewa mwingine.

Najua mtakayoyasema, kwani nimeyasikia barazani kwenye vikao vya Halmashauri ya Walei. La kwanza ni kwamba hakuna aliyewalazimisha. Wameikubali kazi wenyewe. Hoja hiyo ni kongwe, na Baba Mtakatifu Leo XIII aliijibu mwaka 1891 katika waraka wake juu ya hali ya wafanyakazi. Alifundisha kwamba makubaliano ya hiari hayatoshi kuufanya ujira uwe wa haki. Kuna haki ya maumbile iliyotangulia mapatano yote, nayo inadai kwamba mtu aweze kuishi kwa jasho lake. Anayekubali masharti mabaya kwa kuogopa mabaya zaidi hakuchagua, amenyang'anywa. Mimi naongeza tu kwamba Waisraeli nao, kwa namna fulani, waliingia Misri kwa miguu yao wenyewe, wakitafuta chakula.

Hoja ya pili ni ya wenye magari, na sitaki kuipuuza, maana si wote ni matajiri kama wanavyoitwa. Yupo mwalimu mstaafu aliyeweka kiinua mgongo chake chote katika gari moja. Yupo mjane mwenye mkopo. Wao husema: nikimlipa mshahara ataniibia nauli, na gari litarudi halina mafuta wala fedha. Basi hesabu imezaliwa na kutoaminiana. Sawa. Lakini tazameni kilichofanyika: mashaka yote ya biashara, mvua, foleni, bei ya mafuta, ubovu wa barabara, yametolewa katika bega la mwenye mali na kutwikwa asiye na mali. Hata nauli ya mwanafunzi iko humo. Taifa limeamua kwa busara kwamba mtoto wa shule alipe nauli ndogo, lakini wanaolipa tofauti hiyo ni watu wawili walio ndani ya gari, kwa sababu hesabu haipungui asubuhi za shule. Kisha tunashangaa mtoto akisukumwa mlangoni! Kondakta anayemsukuma anatenda dhambi. Na sisi tuliompangia atende?

Wala si kweli kwamba hakuna njia nyingine. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza Dar es Salaam, Mei 2016, madereva wake waliajiriwa kwa mshahara, na hakuna aliyehitaji kuwania abiria ili apate chakula cha jioni. Mapungufu ya mradi ule yanafahamika, hasa kwa waliowahi kusubiri Kimara asubuhi, lakini hayakusababishwa na dereva kulipwa mwisho wa mwezi. Hata kwa mwenye gari moja, yawezekana kuweka mshahara mdogo ulio thabiti pamoja na fungu la mapato, au kuikata hesabu ifuate hali ya siku. Wapo wanaofanya hivyo kimyakimya. Ningefurahi kama wangesimama na kusema.

Hoja ya tatu husema kwamba hili ni la serikali. Ni kweli, na serikali imekwisha kusema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka 2004, inaweka saa tisa za kawaida kwa siku na 45 kwa juma. Inakataza mtu kufanya kazi zaidi ya saa 12 kwa siku hata akilipwa ziada. Inadai mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku na siku, na saa 24 kila juma. Ipo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 kwa ajili ya anayeumia au kuugua kwa sababu ya kazi. Lakini sheria hizi humtafuta mtu kwa njia ya mwajiri wake, na mtu asiye na mkataba ana kazi kubwa ya kuthibitisha kwamba ameajiriwa. Mtafiti Matteo Rizzo, aliyewachunguza wafanyakazi wa daladala wa Dar es Salaam kwa muda mrefu na kuchapisha kitabu mwaka 2017, alionyesha kwamba walio wengi mno hawakuwa na mkataba wowote, na kwamba chanzo cha mwendo wao barabarani ni hesabu, wala si tabia zao. Aprili na Mei 2015 madereva waligoma nchi nzima, na miongoni mwa madai yao ilikuwa mikataba ya kazi. Walirushiwa mabomu ya machozi Ubungo. Tulilalamika sana siku zile kwamba tumechelewa safari.

Ndiyo maana nataka kurudi kwa Yohane Paulo II. Katika waraka wake wa mwaka 1981 juu ya kazi ya binadamu, alifundisha kwamba mfanyakazi ana mwajiri wa moja kwa moja, lakini anaye pia mwajiri asiye wa moja kwa moja: wale wote, watu na taasisi, ambao maamuzi yao yanapanga masharti ya kazi ile. Fundisho hilo, nionavyo, halijawahi kuhubiriwa vya kutosha. Mamlaka inayopanga nauli na njia ni mwajiri wa namna hiyo. Benki inayotoa mkopo wa gari ni mwajiri. Halmashauri inayojenga kituo bila choo wala kivuli, ikakumbuka kujenga kibanda cha ushuru, ni mwajiri. Na abiria anayempigia kelele dereva aongeze mwendo kwa sababu yeye alichelewa kuamka, ni mwajiri pia, tena mkali.

Kanisa je? Hapa sina budi kusema yaliyonipata, wala sitaki kuyasema kwa sauti ya mtu aliyesimama mimbarani. Miaka kadhaa iliyopita niliongoza kwaya na wanajumuiya kwenda hija. Tulikodi basi. Tuliondoka usiku ili tuwahi Misa ya asubuhi, na tuliafikiana bei nzuri, yaani nzuri kwetu, kwa sharti kwamba turudi jioni ile ile. Dereva alikuwa mmoja. Tulipofika, mahujaji walipangiwa vyumba vya kupumzikia na chai. Dereva hakupangiwa kitu, kwa kuwa hakuwa katika orodha. Nilimkuta saa nane mchana chini ya basi, amelala juu ya boksi, na jua limekwisha kumfikia usoni. Nilimwamsha, nikampa soda na rozari, nikamwambia Mama Maria atatulinda njiani. Akajibu, "Asante, Baba." Saa kumi tukapanda. Usiku, mara mbili, nilisikia magurudumu yakiacha lami na kurudi, na wanakwaya wakaimba kwa nguvu zaidi ili asisinzie. Tulifika salama, nami nikatangaza Jumapili kwamba Mungu ni mwema. Mungu ni mwema kweli. Ila mimi nilikuwa nimemweka dereva yule barabarani bila usingizi, nikaweka na roho sitini nyuma yake, ili kuokoa fedha ya kitanda kimoja.

Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku nchini, na hija zetu za usiku zitaongezeka. Kamati ya hija ya parokia hii imekwisha kukubaliana kwamba hatutakodi tena basi la safari ndefu lisilo na madereva wawili, na kwamba majina yao yataandikwa juu kabisa katika orodha ya vyumba. Gharama imepanda kidogo kwa kila mhujaji. Wawili wamenung'unika.

Kwa wenye magari mliomo katika parokia hii, ambao majina yenu nayajua kwa sababu nimeyabariki magari yenu kwa maji ya baraka: naomba mje ofisini mmoja mmoja, pamoja na mkataba wa dereva na wa kondakta wenu. Kama haupo, Tume ina mwanasheria atakayesaidia kuuandika bila malipo. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, imeamriwa kwamba ujira wa maskini ulipwe kabla jua halijatua. Kwetu jua likitua, maskini ndiye anayemlipa tajiri. Sitabariki tena gari jipya kabla sijauona mkataba, na Paroko mwenzangu wa parokia jirani amesema atafanya vivyo hivyo.

Kwa zahanati ya parokia: tumeomba ifunguliwe jioni moja kwa juma hadi saa tano usiku, kwa ajili ya watu wa usafiri, awepo mhudumu wa kupima shinikizo la damu na mgongo, na mwingine wa kusikiliza. Masista wamekubali kwa majaribio ya miezi mitatu.

Baadhi yenu mmependekeza tuwaite madereva na makondakta kwenye semina ukumbini, Jumamosi saa nne asubuhi. Hawatakuja, saa hiyo wako barabarani, na siku hiyo ina abiria wengi. Wajumbe wa Tume watakwenda wenyewe kituoni, kuanzia Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao, saa kumi alfajiri, kabla gari la kwanza halijaondoka. WAWATA wameahidi chai. Anayetaka kufuatana nasi ajiandikishe kwa katibu, na aje na kiti chake, kwa maana pale hapana pa kukaa.